Je, Mkristo Hubeba Laana ya Babu Yake?

Fundisho la laana za ukoo limezoeleka katika makanisa yetu kiasi kwamba waumini wengi hawalioni tena kuwa ni fundisho linaloweza kuulizwa maswali. Limegeuka kuwa maelezo ya maisha. Binti akifikisha miaka 35 hajaolewa, duka likifilisika kila linapoanza kusimama, ndugu wa tumbo moja wakiachana na wake zao mmoja baada ya mwingine, anayetafutwa kwanza ni babu aliyekwisha kuzikwa, ijulikane alikula kiapo gani na kwa mganga yupi. Mikutano ya kuvunja madhabahu za ukoo hujaza viwanja Mwanza, Nairobi na Bujumbura, na mahubiri yake husikika redioni alfajiri kabla watu hawajatoka kwenda kazini.

Mimi ni Mkristo. Nililelewa katika usharika wa Kilutheri, na kwa miaka mingi sasa nimekuwa nikishiriki ibada na ndugu zangu wa Kipentekoste. Ninaamini kwamba Mungu hujibu maombi, kwamba pepo wachafu wapo, na kwamba Yesu aliwatoa. Nayasema haya mapema ili msomaji asidhani kwamba anasoma maneno ya mtu anayeidharau imani ya wenzake kutoka nje. Swali langu ni dogo kuliko hilo: je, fundisho hili, kama linavyohubiriwa, ndilo linalofundishwa na Maandiko? Watu wa Beroya walimsikiliza mtume Paulo mwenyewe, na hata hivyo Luka anawasifu kwa sababu "wakayachunguza maandiko kila siku, waone kwamba mambo hayo ndivyo yalivyo" (Matendo 17:11). Ikiwa mahubiri ya Paulo yalistahili kuchunguzwa, sioni ni kwa nini mahubiri ya nabii wa mtaani kwetu yasichunguzwe.

Ni haki kwanza kulieleza fundisho lenyewe kama wanavyolieleza walishikao. Wanasema kwamba dhambi ya mzee wa ukoo, hasa uganga, kumwaga damu, matambiko na maagano ya damu, ilimpa shetani uhalali juu ya kizazi chote. Kwamba uhalali huo hauondoki mtu anapookoka na kubatizwa. Kwamba utaendelea kufanya kazi mpaka mtu afuatilie chimbuko lake, alitaje kwa jina, atubu kwa niaba ya wafu wake na kulivunja. Na kwamba kazi hiyo huhitaji mtumishi mwenye upako wa pekee, ambaye mara nyingi ataagiza iambatane na sadaka ya ukombozi. Hayo ni madai kadhaa yaliyofungwa katika furushi moja. La kwanza lina mistari ya Biblia nyuma yake. Yanayofuata hupita mlangoni yakiwa yamejificha nyuma ya hilo la kwanza.

Mstari unaobeba furushi zima ni Kutoka 20:5, ndani ya Amri Kumi zenyewe: "nawapatiliza wana maovu ya baba zao, hata kizazi cha tatu na cha nne cha wanichukiao". Mahubiri mengi niliyoyasikia huishia kabla ya maneno mawili ya mwisho, na karibu yote huacha mstari wa sita, ambao ndio unaoimaliza sentensi: "nami nawarehemu maelfu elfu wanipendao, na kuzishika amri zangu." Anayetajwa katika mstari wa tano ni kizazi kinachoendelea kumchukia Mungu, na upande wa pili wapo maelfu elfu wanaompenda. Aliyeokoka yuko upande gani wa sentensi hiyo? Hilo ndilo swali ambalo mstari wenyewe unatulazimisha kuliuliza, na mhubiri akiukata katikati anatunyima nafasi ya kulijibu.

Hata hivyo sitaki kushinda kwa urahisi. Katika Kutoka 34:7 maneno hayo yanarudi bila "wanichukiao", na katika Hesabu 14:18 Musa anayanukuu tena akiwaombea Waisraeli baada ya wapelelezi kurudi kutoka Kanaani. Mtetezi makini wa fundisho la laana angenielekeza hapo, nami nashukuru, kwa sababu Hesabu 14 haiishii kwenye nukuu bali inaonyesha jinsi jambo hilo linavyotukia. Wazazi waliokataa kuingia katika nchi wanahukumiwa kufa jangwani. Watoto wao wanaambiwa kwamba watatanga-tanga miaka arobaini, wakichukua mzigo wa uasi wa wazazi wao. Kisha inasemwa kwamba watoto haohao, ambao wazazi walidai kuwa watakuwa mateka, ndio watakaoingizwa katika nchi. Waliumizwa na dhambi ya baba zao, tena kwa muda mrefu, walikula vumbi wasilolisababisha. Lakini hawakuhesabiwa hatia yake, wala ahadi haikuwapita. Hakuna mahali ambapo Yoshua anawakusanya mpakani mwa Yordani ili wavunje uhalali ulioachwa na wafu wa jangwani.

Hapo ndipo ninapouona mpaka ambao mahubiri yetu yameufuta. Mtoto wa mlevi hulala njaa, mtoto wa mwizi hurithi jina baya kijijini, mtoto wa aliyeuza shamba hurithi umaskini. Biblia inalijua hilo vizuri na hailipambi. Lakini kuumizwa na dhambi ya mzazi ni jambo moja, na kusimama mbele za Mungu ukiwa umeshitakiwa kwa dhambi hiyo ni jambo jingine kabisa.

Sura inayostahili kusomwa polepole kuliko zote katika suala hili ni Ezekieli 18. Ezekieli alikuwa miongoni mwa Wayahudi waliohamishwa kwenda Babeli pamoja na mfalme Yekonia mwaka 597 KK. Walikuwa na kila sababu ya kuamini laana ya ukoo: walikuwa wamepoteza nchi na hekalu lilikuwa mbali, huku wakikumbuka kwamba mfalme Manase aliijaza Yerusalemu damu vizazi viwili kabla yao. Mithali yao ilikuwa: "Baba wamekula zabibu kali, na meno ya watoto yametiwa ganzi." Mithali hiyohiyo ilijulikana pia kwa Yeremia aliyebaki Yerusalemu, maana anaitaja katika sura ya 31. Ilikuwa, tuseme, mahubiri maarufu ya wakati ule.

Mungu anaipiga marufuku. Kisha nabii anaijenga hoja yake kama wakili, akileta mbele ya wasikilizaji vizazi vitatu vya nyumba moja: baba mwenye haki, mwanawe mnyang'anyi na mwuaji, na mjukuu aliyeziona dhambi zote za baba yake, akaogopa, asifanye kama yeye. Huyo wa tatu ndiye kijana anayeambiwa leo kwamba hawezi kuendelea mpaka afunguliwe. Ezekieli anasema ataishi. Na hukumu ya jumla ni hii: "mwana hatauchukua uovu wa baba yake, wala baba hatauchukua uovu wa mwanawe."

Jambo lililonishangaza nilipoisoma sura hiyo bila haraka ni mstari wa 19, ambapo wasikilizaji wanalalamika: "Kwa nini mwana asiuchukue uovu wa baba yake?" Mtu angetegemea washangilie. Wametangaziwa kwamba deni la baba zao haliko juu yao, nao wanadai lirudishwe! Na mistari michache baadaye wanasema kwamba njia ya Bwana si sawa. Nadhani nabii aliielewa mioyo yao kuliko walivyoielewa wenyewe, kwa sababu ile mithali iliwaondolea kazi ngumu zaidi. Kama Manase ndiye tatizo, basi wao hawana la kutubu, na Mungu ndiye mwenye kesi ya kujibu. Ndiyo maana sura inaishia kwa wito unaowahusu wao wenyewe, siku hiyohiyo, wajifanyie moyo mpya na roho mpya: "mbona mnataka kufa?"

Fundisho la laana ya ukoo huonekana kama fundisho la hofu, na kwa sehemu ndivyo lilivyo, lakini mvuto wake mkubwa ni faraja. Mume anayempiga mkewe hupata pa kuuweka mkono wake: ni roho ya hasira iliyotoka kwa babu. Mkopaji asiyelipa hugundua kwamba ukoo wao una roho ya madeni. Nimewahi kukaa katika kikao cha familia ambapo mjomba mmoja, aliyekula fedha za mirathi za wadogo zake mchana kweupe, aliomba kwa machozi kwamba tuungane kuvunja roho ya magomvi iliyouandama ukoo wetu, na watu wakafumba macho na kuomba. Shangazi mmoja peke yake ndiye aliyebaki macho wazi, akauliza, kwa adabu zote, fedha zitarudi lini. Sijasikia ufafanuzi mfupi wa Ezekieli 18 ulio bora kuliko ule.

Yapo maandiko magumu zaidi, na asiyeyataja hajachunguza. La kwanza ni 2 Samweli 21. Njaa inaipiga Israeli miaka mitatu wakati wa Daudi, Bwana anasema sababu ni damu ya Wagibeoni waliouawa na Sauli, na wazao saba wa Sauli wanatolewa wakauawa, huku Rispa, suria wa Sauli, akikaa mwambani kuzilinda maiti za wanawe dhidi ya ndege na wanyama. Ni habari nzito na sidai kuwa nimeimaliza. Lakini kiapo kilichovunjwa, cha kutowaua Wagibeoni, kilikuwa cha taifa zima, kama tunavyosoma katika Yoshua 9, aliyekivunja alikuwa mfalme akitenda kama mfalme, na njaa iliwapiga makabila yote, wala si nyumba ya Sauli peke yake. Zaidi ya hayo, mjukuu mwingine wa Sauli, Mefiboshethi, aliachwa hai kwa sababu ya kiapo cha Daudi na Yonathani, na hakuna laana iliyomfuata mezani kwa mfalme alipokuwa akila siku zote. Anayeitumia sura hiyo kama mwongozo wa kuvunja laana atapaswa pia kueleza ni kwa nini haifuati tiba yake, ambayo ilikuwa miti saba mlimani.

La pili ni mfalme Yosia wa Yuda, na hili naona limepuuzwa na pande zote mbili. Hakuna mtu katika Biblia nzima aliyevunja madhabahu kama yeye. Alizibomoa za Yuda, akavuka mpaka akaibomoa ile ya Betheli, akachoma mifupa juu yake, akasaga sanamu mpaka zikawa mavumbi. Andiko linasema hakukuwa na mfalme mfano wake kabla wala baada yake. Na mstari unaofuata, 2 Wafalme 23:26, unasema kwamba Bwana hakuuacha ukali wa hasira yake kwa Yuda kwa sababu ya machukizo ya Manase, babu yake Yosia. Watetezi wa fundisho hufurahia mstari huo, kwa kuwa unaonyesha dhambi ya babu ikifanya kazi. Lakini ukiutazama vizuri, unabomoa nusu ya pili ya mafundisho yao, kwa sababu kama adhabu ya babu ingeweza kuondolewa kwa kubomoa madhabahu, Yosia angeiondoa. Na kuhusu Yosia binafsi, nabii mke Hulda alikuwa amekwisha kumwambia kwamba, kwa kuwa moyo wake ulikuwa mwororo akajinyenyekeza, macho yake hayataona mabaya yale yatakayoupata mji. Taifa lilivuna lililopandwa, ilhali mfalme mwenyewe alihesabiwa kwa moyo wake.

Husemwa pia kwamba Danieli na Nehemia walitubu dhambi za baba zao, na kwamba sisi tufanye vivyo hivyo. Ni kweli walizitaja. Walikuwa wakifuata Walawi 26, ambapo taifa lililo uhamishoni linaambiwa likiri uovu wake pamoja na uovu wa baba zake, ili Mungu alikumbuke agano lake na Yakobo, Isaka na Ibrahimu. Nehemia anasema "mimi na nyumba ya baba yangu tumefanya dhambi", akijiweka ndani ya kosa. Huko ni kukubali kwamba tumeendeleza walichokianza, jambo jema ambalo koo nyingi zingelifanya zikapata amani. Katika sala hizo mbili hakuna pepo anayefukuzwa wala chimbuko linalochimbuliwa.

Kuhusu madhabahu, Gideoni hutajwa kila mara, naye aliibomoa kweli madhabahu ya Baali iliyokuwa ya baba yake. Ilikuwa madhabahu ya mawe, iliyosimama kijijini na kutumika wiki ileile, na aliibomoa usiku kwa kuwaogopa watu wa mji, ambao asubuhi waliiona imevunjwa wakataka auawe. Mwenye hirizi ndani ya nyumba na aitupe, mwenye kibanda cha matambiko anakoendelea kupeleka kuku na aache kwenda. Madhabahu zisizoonekana, ambazo hakuna aliyezijua mpaka nabii alipofika na kuzitangaza, Gideoni hakuzihubiri.

Ajabu ni kwamba Biblia ina koo kadhaa zilizokuwa na kila sifa ya kuitwa koo zenye laana, na mtu akizifuatilia mpaka mwisho anakutana na jambo lisilotajwa kwenye mikutano. Kora aliasi dhidi ya Musa, ardhi ikafunua kinywa chake. Hesabu 26:11 inatamka kwa maneno machache kwamba wana wa Kora hawakufa. Baadaye tunawakuta hekaluni wakiimba. Zaburi ya 42, ya ayala aioneaye shauku mito ya maji, na ya 84, isemayo kwamba siku moja katika nyua za Bwana ni bora kuliko siku elfu, ni zaburi zao. Na ukiisoma orodha ya waimbaji katika 1 Mambo ya Nyakati 6, utakuta kwamba nabii Samweli mwenyewe ni wa uzao wa Kora. Mmoabi alizuiwa kuingia katika mkutano wa Bwana hata kizazi cha kumi, na Ruthu Mmoabi ndiye mama wa babu yake Daudi.

Kisha kuna Yekonia, mfalme yuleyule aliyehamishwa pamoja na Ezekieli. Yeremia 22 inamtamkia neno zito: hata kama angekuwa pete ya muhuri katika mkono wa kuume wa Mungu, angeng'olewa, na hakuna mzao wake atakayefanikiwa akiketi katika kiti cha Daudi. Ikiwa kuna laana ya ukoo katika Biblia, ni hiyo, tena kutoka kinywani mwa Bwana. Mjukuu wake aliitwa Zerubabeli, na Bwana alimwambia kwa kinywa cha Hagai kwamba atamfanya kuwa kama pete yenye muhuri. Pete iliyong'olewa kwa babu imerudishwa kwa mjukuu, bila maelezo na bila ibada yoyote ya kuvunja chochote. Fungua sasa ukurasa wa kwanza wa Agano Jipya: Yekonia yumo katika ukoo wa Yesu Kristo, pamoja na Manase, na Rahabu, na Ruthu, na yule aliyekuwa mke wa Uria. Mathayo hakuona haja ya kumsafishia Masihi mti wa ukoo.

Katika Agano Jipya swali letu linaulizwa wazi mara moja, na jibu limeandikwa. Wanafunzi walimwona mtu aliyezaliwa kipofu wakauliza ni nani aliyetenda dhambi, yeye au wazazi wake. Yesu akajibu: "Huyu hakutenda dhambi, wala wazazi wake, bali kazi za Mungu zidhihirishwe ndani yake." Nalifikiria jibu hilo kila ninaposikia familia iliyozika watoto wawili au watatu ikiambiwa kuna roho ya mauti katika ukoo. Tanzania ni miongoni mwa nchi zenye watoto wengi zaidi duniani wanaozaliwa na ugonjwa wa selimundu (sikoseli). Wazazi wote wawili wakiwa wamebeba chembe ya urithi wa ugonjwa huo, wao wenyewe wakiwa wazima kabisa, kila mimba ina uwezekano wa asilimia 25 wa kuleta mtoto mgonjwa. Mbele ya macho ya majirani hilo linafanana na laana kwa kila namna: linarudi, linachagua, linapita mmoja na kumshika mwingine. Kipimo cha damu hulitambua, na mtoto aliyetambuliwa mapema huweza kutunzwa akakua. Mhubiri anayeipeleka familia hiyo kwenye mkesha kabla ya hospitali ameuliza swali la wanafunzi na kulikataa jibu la Bwana wao.

Madhara hayaishii kwa mgonjwa. Chimbuko likitafutwa, mara nyingi hupatikana kwa bibi, hasa bibi mjane anayeishi peke yake na kuchuma mizizi. Katika mikoa ya Kanda ya Ziwa nchini Tanzania na katika kaunti ya Kilifi nchini Kenya, wazee wameuawa kwa tuhuma za uchawi. Sisemi kwamba mahubiri haya ndiyo yaliyowaua, kwa kuwa tuhuma hizo ni za kale kuliko vipaza sauti vyetu. Ninachosema ni kwamba kanisa lilipaswa kuwa mahali ambapo bibi huyo angekimbilia.

Na sisi Waafrika tungepaswa kuwa wa mwisho kuikumbatia hoja ya laana inayoshuka kwa damu, kwa sababu tulikwisha kuhubiriwa. Katika Mwanzo 9 Nuhu alisema, "Amelaaniwa Kanaani." Kwa karne nyingi waliotaka watumwa walilisoma neno hilo kana kwamba limesema Hamu, baba yake Kanaani, kisha wakasema Hamu ni Mwafrika. John Hanning Speke, Mwingereza aliyefika ziwa Nyanza (Viktoria), katika kitabu cha safari zake kilichotolewa mwaka 1863 aliueleza utumwa wetu kwa laana hiyohiyo ya Nuhu. Sura ya kumi ya Mwanzo inawataja wana wa Kanaani mmoja mmoja, na mpaka wao unatoka Sidoni hadi Gaza. Hakuna hata mmoja anayefika Kilwa wala Buganda. Laana isiyosomwa kwa uangalifu iliwahi kutugharimu minyororo ya chuma, na sasa tunajitamkia nyingine kwa vinywa vyetu.

Turudi kwa mitume. Waumini wa kwanza wa Efeso, Korintho na Thesalonike walitoka katika koo zilizoabudu sanamu tangu zamani zisizokumbukwa. Waefeso waliishi kando ya hekalu la Artemi. Kama kuna kanisa lililohitaji fundisho la madhabahu za ukoo, ni lile. Matendo 19 inasimulia walivyokuja wakikiri matendo yao wenyewe, wakachoma vitabu vya uganga vyenye thamani ya vipande hamsini elfu vya fedha. Halafu Paulo akawaandikia waraka mzima wenye fungu refu juu ya vita na falme na mamlaka za giza, na ndani yake hakuna agizo la kufuatilia babu wala la kutubu kwa niaba yake. Aliyekuwa akiiba anaambiwa asiibe tena, bali afanye kazi kwa mikono yake.

Wapinzani wa fundisho hili hukimbilia Wagalatia 3:13, kwamba Kristo alitukomboa katika laana ya torati. Nakubaliana nao kwa tahadhari, maana Paulo anazungumzia laana za torati, zile za Kumbukumbu la Torati, wala si maneno ya mzee aliyekasirika kijijini. Lakini laana za torati zilitamkwa na Mungu, na zilitaja hata uzao wa tumbo. Ikiwa hiyo kubwa imebebwa msalabani, ni nguvu gani iliyobaki katika ndogo? Na kuhusu ule uhalali wa shetani, Wakolosai 2:14 inasema kwamba hati iliyoandikwa ya kutushitaki ilifutwa, ikaondolewa, ikagongomewa msalabani. Mwandishi wa Waebrania naye alitoa hoja kuhusu dhabihu za kila mwaka ambayo inatuhusu moja kwa moja: zingekuwa zinawakamilisha waabuduo, si zingekoma kutolewa? Laana za ukoo huvunjwa katika mfungo wa Januari, na Januari inayofuata huvunjwa tena, na watu walewale, kwa majina yaleyale.

Andiko ambalo ningependa lisomwe katika kila mkutano wa namna hiyo ni 1 Petro 1:18, kwa sababu linayagusa mambo yote mawili kwa pamoja, urithi wa baba zetu na bei ya kutoka humo: "mlikombolewa si kwa vitu viharibikavyo, kwa fedha au dhahabu, mpate kutoka katika mwenendo wenu usiofaa mlioupokea kwa baba zenu". Petro hakatai kwamba tumepokea kitu kibaya kutoka kwa baba zetu. Anakiita mwenendo, anasema tumekwisha kukombolewa, na anaitaja fedha kwa jina ili kuikataa.

Wanaodai sadaka ya ukombozi wana andiko lao la mwisho, nalo ni Gehazi, mtumishi wa Elisha, aliyeambiwa kwamba ukoma wa Naamani utamshika yeye na wazao wake hata milele. Nimelisikia likihubiriwa kwa nguvu nyingi, vikapu vikiwa tayari mlangoni. Basi ni vema sura hiyo isomwe tangu juu. Naamani aliponywa, akarudi na zawadi, na Elisha akaapa kwamba hatapokea kitu chochote. Gehazi ndiye aliyemkimbilia njiani, akatunga habari ya wageni wawili wenye uhitaji, akapokea talanta mbili za fedha katika mifuko miwili na mavazi mawili, akavificha nyumbani. Hiyo ndiyo dhambi iliyomletea ukoma: alitoza fedha kwa kazi ambayo Mungu aliifanya bure.